Kabla Haijashika Mfupa

Huku Rungwe ndama hachomwi pembe akiwa mkubwa. Anachomwa akiwa na majuma machache, pembe zikiwa bado vinundu viwili vilivyojificha chini ya manyoya. Zikishashika mfupa wa kichwa kazi inageuka: damu, usaha, nzi, na ng'ombe asiyekusahau. Hilo nililijua kabla sijajua kupika ndizi za huku. Nilipangiwa kufundisha shule ya msingi Lufingo nikitokea Singida, nikaolewa hapo hapo, na kabla mwaka wa kwanza wa ndoa haujaisha nilishaitwa zizini kushika kichwa cha ndama.

Ndama analazwa ubavu juu ya gunia. Miguu inafungwa kwa kamba ya mgomba, macho yanafunikwa kitambaa asione chuma kinavyokuja, na mtu mmoja anashika kichwa ili asijitikise. Mchomaji wetu ni jirani, mzee mkavu asiyependa maneno, anayekunywa chai yenye sukari ya kuumiza meno. Kwanza anasukuma kinundu kwa vidole viwili, kuona kama bado kinacheza juu ya mfupa. Chuma chake ni kipande cha bomba chenye mpini wa mti. Anakitia kwenye jiko la mkaa mpaka kiwe chekundu, anakibandika juu ya kinundu, anakizungusha, na harufu ya nywele zinazoungua inaingia nguoni na haitoki kwa kufua mara moja. Akimaliza anasema neno lake lile lile: "Bado haikuwa imeshika mfupa. Tumewahi." Ndama anafunguliwa, anasimama, anapepesuka kidogo, anakwenda kunyonya.

Siku ile nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa zizi akaniambia niache, kwamba mjamzito hashiki kichwa cha ndama anayechomwa. Nilicheka. Mimi mambo ya namna hiyo huwa nayacheka, na sijaacha mpaka leo.

Mtoto alizaliwa na baka. Lilikuwa upande wa kushoto wa kipaji cha uso, pale nywele zinapoanzia, jeusi kuliko ngozi yake, limeinuka kidogo, na juu yake vinyweleo laini. Nesi alisema ni alama ya kuzaliwa tu, nimshukuru Mungu mtoto analia vizuri. Mama mkwe alipokuja alifunua kanga, akalitazama, akanitazama mimi, akafunika. Niliogopa zaidi macho yale kuliko baka lenyewe, kwa sababu nilijua anafikiria zizi.

Ushauri kwetu hauombwi, unamwagwa tu. Wa kwanza alisema nipake mate yangu ya asubuhi kabla sijaongea na mtu. Nikapaka, kwani mate ni bure. Wa pili alisema majivu. Wa tatu, mwanakwaya mwenzangu, alimsimamisha mtoto nje ya kanisa, akamfunulia nywele kwa kidole kama anayechagua mboga, akasema, "Samaki mkunje angali mbichi, mwalimu. Hii ukiichelewesha utalia." Wote waliyasema hayo mtoto akiwa pale pale, ameegemea goti langu, anasikia. Nilikuwa nawajibu vibaya. Nina mdomo, na siutetei, lakini hata mimi niliwajibu juu ya kichwa chake.

Mpaka alipofika chekechea mambo yalikuwa afadhali. Nilikuwa namsuka nywele zikaangukia upande ule, na mgeni asingeona kitu mpaka aangalie sana. Darasa la kwanza likaja, na shuleni kwetu wasichana wananyolewa kama wavulana. Nilimnyoa mwenyewe, nje, kwenye kigoda. Nywele zilipoanza kuanguka mabegani hakulia, ila nilipofika upande wa kushoto alinishika mkono.

"Mama, hapo acha."

"Nikiacha hapo utaonekana kichekesho."

Akaniachia mkono. Baka likatoka nje, kubwa kuliko nilivyolikumbuka, maana lilikuwa likikua naye. Kwenye kichwa kilichonyolewa lilikaa pale pale ambapo kwa ndama pangekaa pembe. Mimi sikuliona hilo. Aliyeliona ni mtoto mmoja wa darasa lake, ambaye kwao wanafuga, na akalisema bila ubaya, kama fundi anayempa mwenzake taarifa: "Inaota pembe hiyo. Ya ndama wetu ilianza hivyo hivyo." Kufikia mapumziko darasa zima lilikuwa linajua. Kwingine wangemwita jina la kejeli tu, lingeumiza likapita. Watoto wa kwetu waliona zizini kitu kikianza hivyo na wakaona kinavyoishia, kwa hiyo walimwamini mwenzao. Naye mwanangu akaamini.

Niliwachapa kwa maneno, nikawasimamisha mstarini, nikawahutubia. Walinyamaza nikiwa pale. Lakini mtoto wangu akaanza tabia mpya. Kila asubuhi, kabla ya uji, alikuwa anaweka vidole viwili juu ya baka na kulisukuma huku na huku, taratibu, uso umekaza. Nilimwambia aache kulichezea. Aliacha nilipokuwa namwangalia.

Tulimpeleka Mbeya, hospitali kubwa. Daktari wa ngozi, kijana mpole mwenye lafudhi ya Kanda ya Ziwa, alilimulika kwa taa, akalipima, akatuambia si ugonjwa wala si laana. Linaweza kuondolewa, ila kwa upasuaji wa awamu, na kwa lilivyokaa afadhali mtoto akue kwanza. Tumlete kila mwaka. Likibadilika rangi au kutoa damu, tusisubiri. Yalikuwa maneno mazuri na niliyashika yote. Nilitoka pale mwepesi, nikamnunulia soda.

Njiani, tukipanda kurudi Tukuyu, ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai, akaniuliza, "Nikue mpaka wapi?"

"Mpaka uwe mkubwa kidogo. Subira yavuta heri."

Akafikiri. "Halafu hapo itakuwa haijashika mfupa?"

Nilimwambia alama haishiki mfupa, anywe soda yake. Aliitikia kwa adabu, kama watoto wanavyomwitikia mtu mzima ambaye wameshajua kuwa hajui kitu.

Haikupita miezi mingi, nikiwa nakata majani ya ndizi nyuma ya nyumba, nilimsikia mama mkwe akiongea na mchomaji njiani. Kinyakyusa changu cha kusema ni kibovu, lakini cha kusikia hakinipiti. Mama mkwe alikuwa anasema moto uwe mdogo tu, wa juu juu, na kwamba kilicholetwa na chuma huondolewa na chuma. Mzee akasema yeye anachoma ng'ombe. Nikashusha pumzi. Halafu akauliza, "Mama yake anasemaje?"

Mtu aliyekataa haulizi tena swali. Nilitoka kwenye migomba na panga langu mkononi, na mdomo wangu wote.

Niliyoyasema siku ile siwezi kuyaandika yote. Nilimwambia mama wa mume wangu kwamba akimgusa mwanangu nitampeleka polisi, na uzee wake hautamwokoa. Mchomaji aliondoka bila kuaga. Mama mkwe hakupandisha sauti. Alisema kwa Kiswahili, ili niumie kwa lugha yangu, kwa kile Kiswahili chake kisicho na herufi ya r:

"Wewe ndiye ulimshikia chuma tumboni, si mimi. Mimi nilikukataza. Unataka akue nayo, aolewe nayo? Mungu anakuona, Kyala anakuona. Mimi nataka mjukuu wangu aludi kama watoto wenzake."

Mtoto alikuwa amesimama kibarazani na bakuli la mahindi, anasikia.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema, na mimi siku ile niliikata kamba mbele ya majirani. Tangu hapo tukawa na mioto miwili. Kabla ya hapo tulikuwa tunapika kwa mama mkwe na kula kwake, sinia moja, yeye, mimi na mtoto, na mume wangu akitoka zamu kiwandani kwenye chai. Sasa nikapika kwangu. Mume wangu akawa na zamu hata siku ambazo hakuwa nazo. Mtoto ndiye aliyebaki anavuka ua: anampelekea bibi bakuli la chakula changu, anarudisha bakuli tupu, anakaa kula na mimi, halafu anatazama mlango wa jikoni kwa bibi, ambako kulikuwa na mtu mmoja na moto wake.

Mimi nilikuwa nimeshajua adui ni nani. Kila jioni nilimkagua mtoto kichwa. Nilikuwa nanusa nguo zake. Mama mkwe akimwita kwa sauti ya chini, nilikuwa nasimama mlangoni mpaka arudi. Nikiwa darasani, chaki mkononi, nilikuwa naona ule mpini wa mti na ncha yake nyekundu, na mikono ya yule bibi, mikono mipana ya kulima, ikishika kichwa kidogo kilichonyolewa. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia mama aliyemzaa mume wangu, na nilikuwa namwamkia "Shikamoo" kila asubuhi.

Mtoto akaniuliza tena, mara hii tukichambua maharage. "Mama, ndama akishachomwa, analia siku ngapi?"

"Hata siku moja haiishi. Anasahau."

"Na mama yake anamjua?"

"Anamjua kwa harufu. Kwa nini?"

"Nauliza tu," akasema, akaendelea kutupa vijiwe.

Ng'ombe wetu alizaa mvua zikiwa zimekolea, ndama jike, mweusi na doa jeupe miguuni. Mtoto alimpenda mno. Alikuwa anashinda naye zizini, anamsukuma vile vinundu kwa vidole viwili, kisha anajisukuma mwenyewe. Nilimwona mara moja nikadhani anacheza. Ningekuwa naangalia upande ule ningeelewa, ila macho yangu yalikuwa kwenye jiko la mama mkwe.

Mchomaji alikuja Jumamosi asubuhi bila taarifa. Hatukuwa tumesemezana naye tangu ile siku ya panga. Alisimama uani na mfuko wake wa mkaa, koti limelowa ukungu, akamwambia mume wangu kwamba ndama wetu amefikia ukingoni, wiki moja zaidi pembe itashika mfupa, na maneno ya wanawake hayazuii pembe kuota. Mimi nilikuwa nafua sare. Nilimwita mtoto, nikamweka kwenye kigoda karibu na beseni langu, nikamwambia asinyanyuke pale mpaka mzee aondoke.

Tulisikia ndama akilia. Ile harufu ikaja. Mtoto alikuwa ametulia kupita kiasi. Mume wangu alishika kichwa, na kazi ilipokwisha akamkokota ndama kumpeleka kwa mama yake bondeni. Chuma kikarudishwa motoni, kwa kuwa mzee alikuwa na ndama mwingine wa jirani aliyekuwa analetwa. Nilimsikia mzee akienda bombani kunawa. Niliinama kusuuza kola moja iliyokuwa na wino, nikaisugua, nikaisuuza tena, na nilipoinuka kigoda kilikuwa kitupu.

Sikuita. Nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama mkwe, povu mpaka viwikoni, nikasukuma mlango. Alikuwa peke yake, anamenya ndizi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mtoto. Umempeleka wapi?"

Aliniangalia. Kisu kikasimama. "Si yuko kwako?"

Yalikuwa maneno yetu ya kwanza ya kweli tangu tugombane, na yalitutosha. Tulitoka pamoja, tukabanana mlangoni, mimi na mwanamke niliyekuwa namchukia, tukazunguka nyuma ya zizi.

Alikuwa amelala juu ya gunia. Ubavu, upande wa kushoto juu. Miguu alikuwa ameifunga mwenyewe kwa kamba ile ile ya mgomba, fundo la kitoto, la kamba ya kiatu. Macho alikuwa amejifunika kwa kitambaa changu cha kichwani. Mikono ameibana katikati ya magoti. Pale kwenye gunia palikuwa bado na manyoya yaliyoungua ya ndama. Hatua moja kutoka kichwani kwake lilikuwa jiko, na chuma ndani yake, na chuma kilikuwa chekundu. Mchomaji alikuwa amesimama na maji yakimdondoka mikononi, ametoka bombani, amemkuta hivyo. Hakuwa amesogea.

"Amejilaza mwenyewe," alituambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Mtoto alisikia nyayo. "Bibi?" akasema chini ya kitambaa. "Bibi, nishike kichwa. Nitajitikisa."

Mama mkwe alinitangulia. Alipiga magoti matopeni, akakiweka kile kichwa katikati ya mikono yake miwili, kiganja kimoja chini ya shavu, kingine juu ya sikio, hasa kama kinavyoshikwa cha ndama. Akainua uso akalitazama jiko. Nilimwona akilitazama. Alichokuwa anakitaka tangu mtoto azaliwe kilikuwa mikononi mwake, kimefungwa miguu, kimeomba chenyewe, na mwenye chuma alikuwa anasubiri kuambiwa. Miguu yangu haikwenda. Hofu ya namna ile sijawahi kuipata tena, na naomba nisiipate.

"Zima," mama mkwe akasema.

Mzee hakuelewa, au hakusikia.

"Zima moto huo! Mwaga maji! Zima!"

Mzee aliinua ndoo nzima akaimwaga, jiko likalia, mvuke ukatufunika sote wanne. Mtoto akashtuka akaanza kulia, na kilio chake ndicho kilichoniachia miguu. Nilimfungua ile kamba. Ilikuwa imekaza, nikatumia meno. Mama mkwe hakukiachia kichwa. Alikuwa amekikumbatia kifuani anasema kwa Kinyakyusa neno moja tu tena na tena: nisamehe mjukuu wangu, nisamehe.

"Nani alikuambia ufanye hivi?" nilimuuliza mtoto. Mpaka dakika ile bado nilikuwa natafuta wa kulaumu. "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Kwa nini, basi?"

Aliinua uso, makamasi na matope. Baka lake lilikuwa limepata vumbi la majivu.

"Ikitoka," akasema, "wewe na bibi mtakula pamoja."

Mchomaji aliokota chuma chake kwenye maji, akakifuta kwa pindo la koti. Alituambia, akitazama chini, kwamba amechoma ndama tangu ujana wake na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kulala mwenyewe. Ndama wa jirani aliyekuwa analetwa hakumchoma siku ile. Mzee alirudi kwake bila kuiomba chai yake.

Sasa tunakula jiko moja. Tulianza jioni ile ile, bila kusameheana kwa maneno, na mpaka leo hatujayasema. Baka bado lipo. Mwaka huu tutampeleka tena Mbeya, na daktari akisema tayari, itakuwa tayari, ila safari hii nitamuuliza mwenyewe kwanza. Sinia inawekwa katikati, na mtoto anakaa kati yetu, anatutazama mdomoni, mmoja baada ya mwingine, kama anayehakikisha kwamba kweli tunameza.

Kitu kimoja tu hakijatoka. Tukinyamaza wakati wa kula, hata kidogo, hata kwa sababu ndizi ni za moto, mkono wake wa kushoto unaanza kupanda kuelekea kipajini, vidole viwili mbele. Anasukuma. Anapima. Kwa hiyo mimi na mama mkwe hatunyamazi. Tunaongea mvua, tunaongea maparachichi, tunaongea nani kaacha kanisa. Yeye hayapendi maneno yangu, nami siyapendi yake, na hatuachi.

Juzi yalituishia. Mvua ilikuwa inapiga bati, kila mtu na tonge lake, na mkono ukaanza kupanda. Mama mkwe aliuona kabla yangu. Akababaika, akashika neno la kwanza lililomjia.

"Kwenu Singida," akaniuliza, "nako ndama mnawachoma pembe?"

Mtoto akaacha kutafuna. Vidole vilikuwa vimeshafika. Mama mkwe alijua alichokisema.

"Hapana," nikasema. "Kwetu tunawaacha nazo. Zinaota wanakaa nazo."

Mtoto alinigeukia. "Hata zikishika mfupa?"

"Hata zikishika mfupa," nikamwambia, na mama mkwe akamsogezea ndizi.